Shajara ya kutua: Cessna moja, joistiki moja na njia ya Zanzibar

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimefungua daftari hili kwa sababu nimechoka kubahatisha. Ni mwezi wa nne tangu meza yangu ya urubani ikamilike: kompyuta ya mtumba inayoendeshwa na Linux, televisheni ya inchi 32 niliyoifunga ukutani, joistiki, yaani fimbo ya kuongozea ndege, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na programu ya kuigiza urubani iitwayo FlightGear, toleo la 2020.3, ambayo hupatikana bure na ina viwanja vyote vya kwetu ninavyovitaka: Zanzibar, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, hata Wilson ya Nairobi. Kupaa napaa. Kushika kimo nashika. Nimeshatoka Tanga hadi Unguja kwa kufuata pwani kwa macho tu, na kisiwa nikakiona pale pale nilipokitarajia. Kutua ndiko kunakonishinda.

Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuwaeleza watu wa nyumbani. Nimekulia chini ya njia ya ndege ndogo zinazotoka Tanga kwenda Pemba na Unguja. Nikiwa mtoto nilijua kwa sauti tu kwamba rubani ameshapunguza injini, nikaacha nilichokuwa nafanya na kusikiliza mpaka sauti ipotee nyuma ya minazi. Safari ya mezani kwangu ikiishia kwa kudundadunda njiani, naiona kama sikuruka kabisa.

Ndege ni Cessna 172P, ileile inayokuja na programu. Matatizo ni mawili na yanabadilishana zamu. Mara inadunda: magurudumu yanapiga chini, ndege inaruka tena juu, inashuka kwa kishindo kikubwa zaidi. Mara inaelea: imefika juu ya njia, pua nimeshaiinua, lakini haitaki kukaa, inakwenda na kwenda mpaka njia iko nyuma yangu.

Nimefanya jaribio moja la kuanzia. Zanzibar, njia ya 18, yaani njia ya kutua inayoelekea nyuzi 180, kusini, hakuna upepo, mchana mweupe, mafuta yaleyale. Kila mara naanzia hewani, maili tatu za baharini kutoka njiani, kimo futi 1,000. Umbali huo na kimo hicho vinakupa mteremko wa nyuzi tatu na ushee, mteremko wa kawaida wa kutua. Mara kumi. Sita nimedunda, tatu nimeelea kupita nusu ya njia, na njia yenyewe ina urefu wa kama mita 3,000. Moja imetua vizuri na siwezi kusema kwa nini.

Jumapili, 15 Juni

Nimeipa programu kazi ya ukarani. FlightGear ina namna ya kuandika thamani zozote za ndege kwenye faili wakati unaruka. Unaitengenezea orodha ndogo ya unachotaka, nayo inaandika. Nimechagua vitu sita: saa, kasi inayosomeka kwenye geji, kimo kutoka ardhini, mwendo wa kushuka, mkao wa elevata, yaani kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, na mkao wa wenzo wa injini. Mara 20 kila sekunde.

Faili ya kwanza ilinidanganya kwa nusu saa. Mwendo wa kushuka wakati wa kugusa ulikuwa karibu 7, nami nikaona 7 ni kidogo mno, nikadhani mambo si mabaya. Kumbe thamani ile iko katika futi kwa sekunde, wakati geji ya ndani ya ndege husoma kwa dakika. Saba mara sitini ni 420. Futi 420 kwa dakika ni mita 2.1 kila sekunde, na hiyo ni kuangusha. Kutua laini ni futi 1 mpaka 3 kwa sekunde. Jambo la pili la kukumbuka: kimo hakisomi sifuri ndege ikiwa imesimama, kwa sababu hupimwa kutoka sehemu ya mwili wa ndege iliyo juu ya magurudumu. Nimeiegesha, nimeandika inachosoma, na kuanzia sasa nitakuwa naitoa.

Wastani wa kutua kumi kwa leo: futi 6.8 kwa sekunde.

Jumatano, 18 Juni

Usiku wa leo nimepata kitu, na bado moyo unanidunda.

Nilichora mistari miwili kwenye karatasi moja, kimo na mkao wa elevata, kwa kutua kule kulikokuwa kubaya zaidi. Nilitarajia kuona mkono wangu ukihangaika huku na huku. Badala yake mstari wa elevata umelala sifuri kabisa. Si karibu na sifuri: 0.000, mistari kumi na minane mfululizo, karibu sekunde nzima, wakati ndege iko chini ya futi 30. Halafu unapanda kwa ghafla kama ukuta. Nakumbuka vizuri sana kwamba katika sekunde ile nilikuwa navuta. Mkono ulikuwa unavuta na mkia hauna habari.

Nikaacha kuruka, nikaingia kwenye joistiki yenyewe. Linux inapopokea joistiki ya USB, hutenga moja ya kumi na sita ya upana wote wa usomaji kila upande wa katikati, na fimbo ikiwa ndani ya eneo hilo inahesabika haijaguswa. Naliita eneo bubu. Kuna sababu nzuri ya kuwepo: fimbo nyingi hazirudi katikati sawasawa, na bila eneo bubu ndege ingekuwa inapinda yenyewe. Lakini tazama hesabu. Joistiki yangu husoma kuanzia 0 mpaka 1023. Moja ya kumi na sita ni 63. Kutoka katikati mpaka mwisho wa kuvuta ni 512. Kwa hiyo asilimia 12 ya safari ya fimbo inakwenda bure, na nikipima kwa rula kwenye kichwa cha fimbo ni karibu sentimita moja.

Angani hilo halisumbui. Ukiwa kwenye futi 3,000 unavuta kidogo, hakuna kitu, unaongeza, ndege inaitika. Karibu na ardhi, ndege ikiwa imeshapangwa trimu, yaani imesawazishwa ikae yenyewe bila kushikiliwa, na fimbo iko katikati, kuinua pua kunaanzia ndani ya eneo bubu. Navuta kwa upole kama inavyotakiwa: kimya. Naona ardhi inakuja, naongeza: kimya. Naogopa, navuta kwa nguvu: sasa fimbo imetoka kwenye bubu na ndege inapokea yote kwa pamoja, inapanda, inapoteza kasi, inaanguka. Huko ndiko kudunda kwangu, au walau sehemu yake kubwa.

Miezi minne nilikuwa naulaumu mkono.

Jumamosi, 21 Juni

Kwa programu ndogo iitwayo jscal nimepunguza eneo bubu kutoka 63 hadi 8 kila upande. Kulihifadhi ili lisirudi kila kompyuta inapowashwa kulinichukua muda zaidi kuliko kulibadilisha. Nikaruka mara moja tu, na nikajua kwamba eneo bubu lilikuwa linaficha maradhi mengine.

Pua inatetemeka. Nimeachia fimbo kabisa na elevata inaruka ruka, inatulia, inaruka tena. Nilipotazama usomaji wa moja kwa moja, fimbo imesimama lakini namba zinacheza kutoka 497 mpaka 531, kisha ghafla 560, kisha zinarudi. Hiyo si programu. Kuna kitu kimechakaa ndani.

Nimeibeba mpaka kwa fundi redio, Ngamiani. Akaifungua kwa bisibisi, akamulika na tochi ya simu.

“Kaka, unaona hii? Volyumu.”

Kweli, ndani ya joistiki kila mwelekeo una potenshiometa, kidude kilekile ambacho kwenye redio hupandisha na kushusha sauti, na mafundi wote hukiita volyumu. Kina utepe wa kaboni na kidole kinachoteleza juu yake. Utepe ukilika au ukiingia vumbi, kidole kinapoteza mguso na usomaji unaruka, sawasawa na redio kuukuu inavyokwaruza ukigusa kitufe cha sauti.

“Inasafishika, fundi?”

“Inasafishika. Lakini sehemu ya katikati imelika, kaka. Mwenyewe alikuwa anakaa katikati tu.”

Bila shaka. Mwenye fimbo hii kabla yangu, kama mimi, muda mwingi aliishika katikati, na ndipo utepe ulipolika. Akapuliza dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, akazungusha mara nyingi, akapuliza tena. Shilingi 5,000. Nilimkuta na subira kubwa. Alitaka nimweleze ndege inavyoinua pua, nami nikamweleza kwa kiganja.

Namba sasa zinacheza kati ya 508 na 515. Eneo bubu la 8 linazimeza zote.

Jumapili, 22 Juni

Kutua kumi. Wastani umeshuka hadi futi 4.9 kwa sekunde. Bado si kutua, lakini ndege sasa inanisikia.

Kwa kuwa nilikuwa na simu ya mdogo wangu inayopiga video ya fremu 240 kwa sekunde, nilimwomba ashike simu ili mkono wangu na skrini vionekane pamoja, nami nipige fimbo kwa ghafla. Tukahesabu fremu moja moja tangu mkono kuondoka mpaka picha kusogea. Arobaini na sita. Hiyo ni sekunde 0.19. Televisheni hupenda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, kuinoa, kulainisha mwendo, na kila pambo lina muda wake. Tukaingia kwenye mipangilio, tukaiweka kwenye hali ya michezo ya kompyuta, tukahesabu tena: ishirini na moja, sekunde 0.09.

Sidhani ucheleweshaji huu ulikuwa mkosaji mkuu. Katika sekunde 0.19, ndege inayoshuka futi 7 kwa sekunde inapoteza futi moja na theluthi tu. Madhara yake ni kwa mkono: mkono usiojibiwa haraka hurudia amri, na amri mbili zikifika pamoja ni amri moja kubwa mno. Nimepunguza pia msongamano wa majengo na miti, kwa sababu nikikaribia mji picha zilikuwa zinashuka hadi 18 kwa sekunde. Sasa hazipungui 35. Mji umekuwa mkiwa kidogo, nimekubali.

Jumamosi, 28 Juni

Wiki nzima sikugusa, kazi zilikuwa nyingi na umeme ulikatika siku mbili.

Leo nimerudi na nimeona mtindo mpya kwenye faili. Elevata inaanza kupanda mapema au kuchelewa? Inachelewa, kila mara. Naanza kuinua pua nikiwa futi 6 au 7, wakati ningetakiwa kuanza kati ya futi 10 na 20. Na mimi, nikiwa nimekaa pale, naapa ninaona bado niko juu.

Nikampelekea binamu yangu picha ya skrini. Yeye anasomea urubani, ana saa zake kadhaa kwenye ndege ya kweli ya aina hiihii. Akanirudishia ujumbe wa sauti:

“Kaka, mbona uwanja uko mbali hivyo? Hiyo njia ukiwa pale inakujaa machoni. Na wewe unatazama wapi unapotua?”

Nikamjibu kwamba natazama pale magurudumu yatakapogusa.

“Ndiyo maana. Ukishaingia juu ya njia, inua macho, tazama mwisho wake kabisa. Pembeni mwa macho utaiona ardhi inapanda. Ukitazama chini utaona inakimbia tu, hutajua inapanda.”

Maneno yake yana mambo mawili, na la kwanza ndilo lililonifanya nichukue rula tena. Skrini yangu ina upana wa sentimita 71, na jicho langu liko sentimita 80 kutoka kwake. Dirisha la ukubwa huo kwa umbali huo linaonyesha nyuzi 48 za ulimwengu, si zaidi. Mimi, ili geji zote zionekane, nilikuwa nimepanua mtazamo hadi nyuzi 80. Nyuzi 80 zikibanwa kwenye dirisha la nyuzi 48, kila kitu mbele kinakuwa karibu nusu ya ukubwa wake wa kweli. Njia ya ndege ikionekana nusu, jicho linasema njia iko mbali na chini, na mkono unasubiri. Halafu ardhi inakupiga ukiwa bado unasubiri.

Nimebana mtazamo hadi nyuzi 50 kwa herufi ya x. Geji za chini zimetoka nje ya picha. Nimehangaika na hilo karibu saa moja, nikijaribu kuliinua jicho la rubani na kulirudisha nyuma, na mwishowe nimekubaliana na nafsi yangu hivi: nyuzi 65 nikiwa safarini, nyuzi 50 nikigeukia njia. Kasi nimeibandika kwa maandishi madogo kwenye kona. Wenye skrini tatu hawana shida hii, lakini mimi ninayo moja.

Kutua tano za mwisho kabla ya kulala: 3.9, 3.1, 4.4, 2.8, 3.0. Ile 2.8 sikuisikia ikigusa. Nilijua imegusa kwa sababu kasi ilianza kupungua.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, mapumziko. Siku nzima ni yangu na nimeitumia kwa kuelea.

Kudunda kumepungua sana, na kwa kupungua kwake kuelea kumekuwa wazi. Faili inasema naingia juu ya njia kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, 78 mpaka 82. Kitabu cha ndege hii kinataka noti 60 mpaka 70 flapsi, vile vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa nyuzi 30. Najua nilipoitoa tabia hii. Katika wiki za mwanzo niliangusha ndege mara nyingi kwa kuipunguza mwendo mno, nikajiwekea kasi ya ziada kama akiba. Ila kwenye kasi akiba hailingani na unachoongeza. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba. Noti 80 badala ya 65 ni ongezeko la chini ya robo kwenye geji, lakini ndani yake kuna nguvu zaidi ya nusu nzima ya kumaliza kabla magurudumu hayajakubali kukaa. Na kuzimaliza pale ndiko kugumu, kwa sababu ndege ikiwa karibu na ardhi kuliko upana wa mabawa yake, mita 11 kwa Cessna hii, hewa huizuia kidogo tu na inateleza kana kwamba imepakwa mafuta.

Basi nikajilazimisha 65. Kanuni niliyotumia ni ya zamani na inafanya kazi: kasi yako mara tano ndiyo futi za kushuka kwa dakika. Sitini na tano mara tano, 325. Nikashika 65, nikashika 325, nikaona taa nne za pembeni mwa njia ya Dar es Salaam zikiwa mbili nyeupe na mbili nyekundu muda wote, alama ya mteremko sahihi, kitu ambacho hakijawahi kunitokea. Nikaingia juu ya njia. Nikarudisha injini mpaka mwisho. Nikainua pua.

Ikaelea.

Mita 700, kwa noti 65. Hapo nilikaa kimya kwa muda, maana nilikuwa nimefanya kila kitu kama kilivyoandikwa.

Kilichonisaidia ni ile safu ya sita ya faili, ambayo mpaka leo sikuwahi kuitazama kwa makini kwa kuwa niliiamini. Wenzo wa injini. Nikiwa nimeurudisha mpaka mwisho, umegota, hauendi zaidi, faili inasoma 0.07. Haifiki sifuri. Injini nayo, badala ya kushuka kwenye mizunguko 700 kwa dakika, ilikuwa inabaki juu ya 1,000. Ndege haikuwa inakataa kutua. Ilikuwa bado inavutwa.

Ni volyumu tena, ya wenzo safari hii, ila haikulika. Mwisho wake wa chini tu haulingani na sifuri ya programu. Nimesawazisha vipimo upya, nimeweka mwisho wa chini juu kidogo ya pale wenzo unapogota ili sifuri iwe sifuri hata siku joto likiupindisha. Nikaruka tena kwa noti 65. Mita 250 tangu mwanzo wa njia, na magurudumu ya nyuma yakagusa kwanza, yote mawili, halafu pua ikashuka yenyewe polepole kama mtu anayeketi mkekani.

Nilimwita mdogo wangu aje aone marudio. Akatazama mara mbili, akasema, “Hii sasa ni ndege, kaka.”

Jumamosi, 12 Julai

Muda wote huo niliruka bila upepo. Leo nimewasha hali ya hewa ya kweli, ile inayochukuliwa kutoka taarifa za viwanjani.

Ni msimu wa kusi, na kusi anatoka kusini na kusini-mashariki. Njia ya Zanzibar imelala kaskazini-kusini, kwa hiyo ukitua njia ya 18 kusi anakuja usoni, anakusaidia. Njia kubwa ya Dar es Salaam imelala vingine, 05 na 23. Taarifa ya leo ilikuwa upepo kutoka nyuzi 170, noti 12. Ukielekea 230, upepo huo unakupiga ubavu wa kushoto kwa nyuzi 60: noti 6 usoni, noti 10 na nusu ubavuni. Kitabu kinasema ndege hii ilithibitishwa mpaka noti 15 za ubavuni, basi kumi si haba.

Aliyekulia kwenye ngalawa haoni ugeni hapa. Unaposogezwa na upepo huelekezi pua unakokwenda, unaielekeza juu zaidi kidogo, upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, na chombo kinakwenda pale unapotaka kikiwa kimekaa upande. Ndege ni vivyo hivyo mpaka karibu na ardhi. Pale inabidi pua irudishwe ilingane na njia, la sivyo magurudumu yatagusa yakiwa mshazari, na bawa la joshi lilazwe chini kidogo ili upepo usiibebe ndege. Mkono unakwenda kushoto, usukani wa mkia unakwenda kulia. Vinapingana kwa makusudi.

Nikafanya hivyo na ndege ikafanya kinyume. Nikilaza bawa la kushoto, pua inakwenda kushoto pia. Nikizungusha fimbo kulia, inasitasita. Mara nne nimetoka nje ya njia, nikaanza kuishuku volyumu ya tatu, ile ya kuzungusha fimbo, ambayo ndiyo usukani wangu wa mkia kwa sababu sina pedali.

Volyumu ni nzima. Tatizo lilikuwa mpangilio niliouwasha mwenyewe mwezi wa Februari, kabla sijawa na joistiki, nilipokuwa narusha kwa kibodi. FlightGear inaweza kufunga usukani wa mkia na mabawa pamoja, ili anayeanza asihangaike na viwili: ukilaza bawa kushoto, usukani unafuata kushoto. Ni msaada mzuri kwa kugeuka angani. Kwa upepo wa ubavuni unazuia kitu kimoja hasa unachotakiwa kufanya. Nimeuzima.

Kutua kwa saba kulikuwa kwa gurudumu moja kwanza, la kushoto, halafu la kulia, halafu pua. Binamu yangu alipoiona video alinipigia simu badala ya kuandika.

Jumapili, 20 Julai

Jaribio lilelile la tarehe 14 Juni, bila kubadilisha kitu. Zanzibar, njia ya 18, bila upepo, maili tatu, futi 1,000, mara kumi.

Tisa bila kudunda. Moja imedunda mara moja, kidogo. Wastani wa kugusa ni futi 2.6 kwa sekunde, yaani 156 kwa dakika, kutoka 408 za mwanzo. Hakuna iliyopita mita 400 kabla ya kugusa. Ile iliyodunda ni ya tisa. Faili inasema niliingia kwa noti 73. Naikumbuka: nilikuwa nazungumza na mama dirishani.

Mchana nimekwenda Wilson kwa hamu tu. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huko inafanya noti 65 za kwenye geji ziwe kama 72 za kweli, kwa hiyo ardhi inakimbia kuliko nilivyozoea pwani. Mara mbili nilijikuta napunguza mwendo kwa sababu macho yaliniambia niko kasi, na mara mbili king'ora cha kupoteza mbebo, kinachoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, kililia. Nimejifunza kuiamini geji, lakini nitahitaji siku nyingi zaidi huko kabla sijasema lolote.

Utepe wa kaboni umeanza kucheza tena, 505 mpaka 519. Fundi alinionya. Dawa si kupuliza kila mwezi. Dawa ni kuondoa volyumu na kuweka sensa ya sumaku, isiyo na kidole wala utepe, inayopima uga wa sumaku iliyobandikwa kwenye mhimili wa fimbo. Hakuna kinachosuguana, basi hakuna kinacholika. Nimeagiza mbili, na fundi amesema nimletee siku hiyo hiyo zikifika, anataka kuziona.

Pedali bado. Mbao zimeshapigwa randa, ziko uvunguni mwa kitanda.